Mishale Nyuma ya Jalada

Mbele ya jalada kuna mabomu yanayoanguka. Nyuma yake kuna mchoro. Majina ya kampuni kubwa za muziki za wakati ule (AOL Time Warner, Sony, BMG, Vivendi Universal) yameunganishwa kwa mistari na kampuni nyingine, na mistari inaendelea mpaka inapofika kwa watengenezaji wa silaha. Kabla hujasikia mlio hata mmoja umeshaelewa unachoambiwa: anayekuuzia wimbo na anayeuza kombora wanafahamiana, na pesa yako inapita katikati yao.

Albamu hiyo inaitwa Yanqui U.X.O. Ilitoka Novemba 2002 kupitia Constellation, lebo ndogo ya Montreal nchini Kanada. Waliopiga ni Godspeed You! Black Emperor, bendi ya watu tisa: magitaa matatu, mabesi mawili, wapiga ngoma wawili, fidla na chelo. Mwimbaji hakuna. Walirekodi Chicago kwa Steve Albini, yule fundi wa sauti aliyekuwa akidai alipwe kazi yake kama fundi bomba na kukataa mrabaha wa mauzo. “Yanqui” ni Myankii kwa tahajia ya Kihispania, neno ambalo Amerika ya Kusini limetumika kama tusi mara nyingi kuliko kama jina. “U.X.O.” ni kifupisho cha kijeshi cha silaha iliyorushwa, iliyodondoshwa au kutegwa, na ambayo bado haijalipuka.

Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu wajibu wa kimaadili wa watu walio mbali na madhara wanayochangia. Nimesoma makala nyingi za wanafalsafa juu ya jambo hilo, nzuri na za kuchosha, lakini mchoro huu wa wapiga magitaa ndio unaonirudisha mezani. Sababu mojawapo ni kwamba ulikuwa na makosa.

Kwanza muziki wenyewe. Albamu ina dakika kama 75 na vipande vitano tu, na viwili kati ya hivyo ni mwendelezo wa vingine. Kuna kimoja cha zaidi ya dakika 20 ambacho jina lake sitaliandika hapa, kwa sababu mama yangu husoma ninachoandika. Kipande huanza na gitaa moja linalotembea polepole, fidla inaingia kwa mbali, chelo inafuata, ngoma zinaanza kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Dakika ya kumi hivi yule mtu hana adabu tena. Kisha kila kitu kinaanguka, na unabaki na mvumo tu. Albamu zao za mwanzo zilikuwa na sauti za watu walionaswa mitaani, wahubiri na walalamikaji. Safari hii karibu zote ziliondolewa. Kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza: muziki usio na neno hata moja unakuwaje wa kisiasa?

Jibu la haraka ni kwamba si wa kisiasa, ila karatasi ndiyo ya kisiasa. Ondoa jalada, badilisha majina ya vipande, na unaweza kuupiga kwenye filamu ya mapenzi ukawaliza watu. Theodor Adorno, ambaye hakuwa na subira na sanaa inayopiga mbiu, angesema afadhali hivyo, maana kazi inayotoa hotuba tayari imejiunga na soko la hotuba. Sikubaliani naye kabisa. Muziki huu una jambo ambalo hotuba haina: unakulazimisha kungoja. Jina la albamu linahusu kitu kilichokwisha kudondoshwa na bado hakijafanya kazi yake, na vipande vyenyewe vimejengwa namna hiyo. Unajua kitalipuka. Hujui ni dakika gani.

Kwa msomaji aliyekulia Dar es Salaam jambo hili halihitaji tafsiri ndefu. Maghala ya mabomu yalilipuka Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, na kila mara watu zaidi ya 20 walikufa. Nilikuwa shule ya msingi mwaka ule wa pili. Ninachokumbuka zaidi ya mshindo ni wiki zilizofuata, tulipoambiwa kila asubuhi tusiokote chuma chochote, hata kizuri, hata kidogo. Uwanja ulikuwa uleule, lakini mpira ukienda majanini hakuna aliyeufuata. Na si sisi peke yetu tunaoijua hali hiyo. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na panya wale walishiriki kuisafisha Msumbiji, iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena mashamba ya mabomu yanayojulikana. Vita ya Msumbiji ilikuwa imekwisha mwaka 1992. Miaka 23 ya kungoja, na aliyetega pengine alishakufa kwa uzee kitandani kwake.

Hapo ndipo mchoro unapouma. Bomu linalongoja linaficha mhusika wake. Mkono uliolitega uko mbali, kiwanda kilicholitengeneza kiko mbali zaidi, mwenye hisa za kiwanda hajui hata jina la kijiji. Mishale ya nyuma ya jalada inajaribu kufanya kazi ya panya buku kwa upande wa pili, yaani kufuata harufu kurudi ilikotoka.

Sasa yale makosa. Baada ya albamu kutoka ilibidi ikubaliwe kwamba baadhi ya mistari ya mchoro haikuwa sahihi. Kuna kosa jingine pia. Kipande cha kwanza kinaitwa “09-15-00”, na maelezo ya jalada yanaifungamanisha tarehe hiyo na siku Ariel Sharon alipoingia Haram al-Sharif, Jerusalem, akizungukwa na askari, tukio lililofuatiwa na Intifada ya pili. Tukio hilo lilitokea kweli, na askari walikuwa zaidi ya elfu. Lakini lilitokea tarehe 28 Septemba 2000, si 15.

Nimewahi kulileta jambo hili kwenye semina, na wenzangu wakagawanyika pande mbili. Wa kwanza walisema hayo ni mambo madogo. Lenye uzito ni ukweli mkubwa, kwamba biashara ya burudani na biashara ya vita zinalala chumba kimoja, na anayehesabu tarehe anatafuta kisingizio cha kutosikiliza. Wa pili walisema bendi ikishindwa kuthibitisha tarehe moja, basi mchoro mzima ni porojo za vijana wenye hasira. Naona pande zote mbili zimekosea, na kosa la upande wa kwanza, ulio upande wangu kisiasa, ndilo linalonisumbua zaidi.

Fikiria namna mchoro ule unavyosomwa. Husomwi ofisini kwa mhasibu. Unasomwa chumbani, taa zimezimwa, huku fidla zikipanda kwa dakika 16. Muziki hauwezi kusema uongo, kwa sababu hausemi kitu kinachoweza kuthibitishwa. Karatasi inaweza. Vikiwekwa pamoja, muziki unaidhamini karatasi. Kifua kimeshakubali, na kichwa kinatia saini kwa niaba ya kifua. Mishale inaonekana kuwa ya kweli kwa sababu chelo ni ya kweli. Wanaotaka kukusanya umati kwa ajili ya mambo maovu wameujua ufundi huu tangu zamani. Ndiyo maana hakuna dikteta asiye na bendi. Kwa hiyo nadhani mwenye fidla ana wajibu mkubwa zaidi wa kuhakiki kuliko mwenye makala kavu. Msomaji wa makala kavu anakuja na silaha zake zote za kutilia shaka. Msikilizaji wa Godspeed amezivua mlangoni.

Kuna jambo jingine. Mshale ni anwani. Unapochora mstari kutoka kampuni A hadi kampuni B unamwambia mtu, nenda kagonge pale. Akienda akakuta si penyewe, mwenye nyumba atamtoa nje kwa haki kabisa, na yule wa nyumba ya pili, aliyestahili kugongewa, atacheka dirishani. Kosa dogo kwenye shutuma ni zawadi kwa anayeshutumiwa, na bahati mbaya zawadi hiyo hulipiwa na walioumizwa.

Upande wa pili nao waliteleza walipodhani kosa la mstari mmoja linafuta uhusiano wenyewe. Historia ina ushahidi mzito kuliko uliowekwa kwenye jalada. Chukua EMI, kampuni ya Uingereza ambayo wengi wetu tunaijua kwa sababu ya The Beatles. Mhandisi wake Alan Blumlein aliomba hataza mwaka 1931 kwa uvumbuzi uliozaa sauti ya stirio, yaani gitaa kusikika kushoto na fidla kulia. Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja, mhandisi huyohuyo, kwa kampuni hiyohiyo, alikuwa akifanya kazi ya rada ya H2S, iliyowasaidia marubani wa ndege za mabomu kuiona ardhi chini yao gizani au penye mawingu. Tarehe 7 Juni 1942 ndege ya majaribio ilianguka na Blumlein akafa akiwa na umri wa miaka 38. EMI, baadaye Thorn EMI, iliendelea kutengeneza vifaa vya kijeshi mpaka miaka ya 1990.

Ukilitafakari hilo ukiwa na spika za masikioni unaweza kuzivua. Si kwamba kampuni ya muziki ilikuja kununuliwa na watu wa silaha. Namna yenyewe unavyosikia, upana ule unaofanya wapiga vyombo tisa wasisongamane kichwani mwako, umetoka kwenye akili iliyokuwa pia inatafuta jinsi ya kulenga mji usiku. Na rada ile ilikuwa inapigana na Hitler, jambo linalovuruga hata usafi wa hasira yangu. Mshale wa namna hii hauna pa kuishia. Umepita kwenye kila albamu ya stirio iliyowahi kutolewa, pamoja na Yanqui U.X.O.

Hapo ndipo wengi hutupa mikono. Kila kitu kimeungana na kila kitu, wanasema; simu yangu ina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, shati langu limeshonwa na mtu anayelipwa kidogo, kwa hiyo sote tuna hatia, kwa hiyo hakuna mwenye hatia, tuendelee na maisha. Hoja hii inasikika kama unyenyekevu. Mimi naiona kama uvivu uliovaa kanzu.

Mwanafalsafa Iris Marion Young, aliyefariki mwaka 2006, alikiona kitanzi hiki akiwa anafikiria juu ya nguo zinazoshonwa kwenye viwanda vya mateso. Alitenganisha hatia na wajibu. Hatia inatazama nyuma na kumtafuta aliyetenda. Wajibu unatazama mbele, na unamshika kila anayeshiriki katika mfumo unaozaa dhuluma, lakini haumshiki kila mmoja kwa uzito sawa. Unapimwa kwa mambo kama nguvu uliyo nayo ya kubadilisha, faida unayoipata, na uwezo wa kuungana na wengine. Ukisoma mchoro wa jalada kwa jicho hilo unakoma kuwa orodha ya wenye dhambi. Tatizo la mchoro, zaidi ya makosa yake, ni kwamba mistari yote ina unene mmoja. Mwenye kampuni, mhandisi, mpiga gitaa aliyesaini mkataba akiwa na miaka 19, mnunuzi wa kanda: kalamu ni ileile kwa wote.

Mchoro umechakaa pia kwa njia ya kawaida. Kampuni zilizotajwa zimeuzwa, zimeunganishwa, zimegawanywa. Time Warner iliuza tawi lake la muziki mwaka 2004. Sony na BMG ziliungana mwaka huohuo. Universal iliachana na Vivendi na kuingia soko la hisa la Amsterdam mwaka 2021. Ungedhani albamu sasa ni kumbukumbu ya makumbusho. Kisha, Juni 2025, ikatangazwa kwamba Prima Materia, mfuko wa uwekezaji wa Daniel Ek, mwanzilishi wa Spotify, umeongoza uwekezaji wa euro milioni 600 katika Helsing, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza droni na programu za akili mnemba kwa ajili ya majeshi. Ek ni mwenyekiti wa bodi yake. Mshale mmoja, mfupi, uliothibitishwa, mnene kuliko yote ya mwaka 2002. Hakuhitajika hata fidla.

Deerhoof, King Gizzard & the Lizard Wizard na Xiu Xiu walitangaza kuondoa nyimbo zao Spotify. Agosti mwaka huo kazi za Godspeed nazo zikatoweka huko na kwenye majukwaa mengine makubwa.

Nilimweleza habari hizi binamu yangu, ambaye ana studio ya chumba kimoja Tabata na hutengeneza midundo ya singeli na ya hip hop kwa vijana wasio na pesa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, huku anafuta vumbi kwenye kinanda.

“Mdogo wangu,” akasema, “wewe una mishale, mimi nina kodi ya chumba.”

Nikamwambia wale wa Montreal nao si matajiri.

“Si matajiri, lakini wanajulikana. Mtu anayejulikana akiondoka sokoni, watu wanamfuata nyumbani. Mimi nikiondoka, soko halijui hata kama nilikuwepo.”

Young angemwelewa haraka kuliko wengi tunaomnukuu. Kujitoa ni nguvu, na nguvu haikugawanywa sawa. Bendi yenye lebo inayoiheshimu, yenye mashabiki wanaonunua santuri na kujaza kumbi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, inaweza kufunga mlango bila kufa njaa, na kwa sababu inaweza, inapaswa. Binamu yangu hapati chochote kwa kujifuta, na Helsing haipotezi hata senti. Mstari wake upo, lakini ni mwembamba kama uzi. Mstari wangu, wa msikilizaji anayelipa ada ya mwezi na mwenye uhuru wa kulipa kwingine, ni mnene kidogo kuliko wake. Nilihamishia ada yangu kwenye kununua albamu moja moja moja kwa moja kwa wanamuziki, na nimegundua kwamba nasikiliza muziki mchache zaidi, kwa makini zaidi, na kwamba hakuna droni iliyobaki chini kwa sababu yangu. Mambo yote mawili ni ya kweli.

Bendi yenyewe nayo imewahi kuonyesha kuwa haitafuti mikono misafi. Mwaka 2013 walishinda tuzo ya Polaris ya Kanada, dola 30,000 za huko. Hawakuhudhuria hafla. Walitoa tamko la kulalamikia tafrija yenyewe na udhamini wa kampuni ya magari wakati barafu ya kaskazini inayeyuka, kisha wakasema pesa watazitumia kununulia ala za muziki wafungwa wa magereza ya Quebec. Walichekwa na pande zote mbili. Wengine waliona wangezikataa kabisa. Wengine waliona ni utovu wa shukrani. Mimi naona huo ndio mchoro bora kuliko ule wa jalada, kwa sababu pesa ilifuatwa, ikashikwa, ikageuzwa njia.

Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 2003, walisimamishwa kwenye kituo cha mafuta Ardmore, Oklahoma, baada ya mhudumu kudhani ni magaidi. FBI waliwahoji kisha wakawaachia. Watu kadhaa wenye ndevu ndani ya gari, na mtu mmoja akachora mshale kichwani mwake bila kuuhakiki. Sijui kama waliuona ukaribu wa jambo hilo na jalada lao. Ningependa kuwauliza.

Oktoba 2024 walitoa albamu nyingine, na safari hii hawakuipa jina. Mahali pa jina waliweka maelezo kwamba haina jina kufikia tarehe 13 Februari 2024, kisha namba: 28,340, idadi ya waliouawa Gaza kwa mujibu wa Wizara ya Afya ya huko katika siku hizo. Tena ni tarehe juu ya jalada, tena ni Palestina, lakini hakuna mishale, wala hadithi ya nani alifanya nini siku gani. Kuna siku moja na hesabu moja yenye chanzo chake, ambayo yeyote anaweza kwenda kuikagua. Kufikia Agosti 2025 wizara hiyohiyo ilikuwa imevuka 60,000. Madukani albamu bado inauzwa na namba yake ya Februari, na mchuuzi akiulizwa bei inambidi kwanza ataje hiyo namba ili ajulikane anazungumzia ipi.